Tairi Linalokufa Mahali Pamoja

Nyumba ya geti la kijani,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumamosi, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakuletea salamu nyingi kuliko pini zilizopotea chini ya cherehani yangu. U hali gani huko? Mgongo uliokuwa unakusumbua ghalani umepoa, au bado unajifanya kijana na kubeba maboksi mawili mawili? Wifi yangu kifua chake kimetulia? Watoto je? Waambie shangazi yao anawauliza mmoja mmoja, na yule mdogo aache kunyonya kidole, maana ukoo wetu vidole ndivyo mtaji.

Sisi huku hatujambo. Shemeji yako mguu unamuuma kukiwa na baridi, na kukiwa na joto unamuuma pia, kwa hiyo tumeacha kuusikiliza. Mimi nashona. Macho yangu bado yanatunga uzi kwenye sindano bila miwani, na wanawake wa rika langu wote hapa mtaani wananiletea sindano zao niwatungie. Sijisifu, nakupa habari tu.

Barua yako nimeipata. Umesema yule muuguzi jirani yako anakuja huku, kwamba begi lake limebaki na nafasi ndogo, ya matairi mawili, na kwamba hapo mnapoishi kuna duka lenye ukuta mzima wa matairi ya baiskeli. Ukaniambia, "Dada, chagua aina moja, niandikie namba zake, nitanunua." Ndugu yangu, uliandika kama mtu anayeuliza chai iwe na sukari au isiwe nayo. Nimekaa na swali lako kama mtu aliyeachiwa mtoto analia na mama yake hajulikani alikokwenda.

Kwanza nikupe habari za mpwa wako, maana najua ndizo unazozitafuta kwenye barua, hizo nyingine unaruka. Jina nililompa mimi mtaa umelitupa, wote wanamwita Upepo, na hata mimi nimesalimu amri. Yuko kwa Bwana Meno, yule mzee anayetengeneza meno ya bandia. Madaktari wanapima vinywa vya watu, wanamletea vipimo, yeye anafinyanga, anaoka, anang'arisha, halafu meno yanatakiwa yamfikie mwenyewe siku aliyoahidiwa. Anayeyafikisha ni mwanangu. Anayaweka kwenye kikasha chenye sifongo, kikasha anakifunga mgongoni, na huyo! Kuna mwalimu mkuu mmoja, mama mtu mzima, alikuwa ahutubie wazazi asubuhi na mdomoni hana kitu mbele. Upepo alimfikishia wazazi wameshaanza kukaa. Nasikia mama yule alihutubia mpaka watu wakatamani meno yangechelewa.

Kwa hiyo ukikutana na mtu anayesema watoto wa siku hizi hawana faida, mwambie yuko mmoja anayeufanya mji mzima utafune.

Ila kazi yenyewe bado ni ya majaribio, na hapo ndipo roho yangu ilipokaa juu juu. Bwana Meno ana wapelekaji wawili, Upepo na jamaa mmoja wa pikipiki. Amesema mwisho wa mwezi ujao atabaki mmoja, na huyo ndiye atapewa ajira ya kudumu. Pikipiki inakimbia, sikatai. Lakini kwenye foleni ya mchana na vichochoro vya nyuma ya soko, mwanangu anapita kama uzi kwenye tundu. Kinachomwangusha ni kimoja tu: tairi la nyuma. Linapasuka. Unavalisha jipya, hata hujalizoea sura, limepasuka. Mara ya mwisho kuna mzee alikaa kwenye harusi ya binti yake amefumba mdomo picha zote, kama aliyelazimishwa kuja. Bwana Meno hakupiga kelele. Alisema, "Binti, sijali unatembelea nini, hata ukija kwa kutambaa. Ila likipasuka tena, usije kuniambia limepasuka. Njoo uniage."

Sasa na wewe uliyemtumia baiskeli ile, sidhani kama uliijua tabia yake. Ulisema ni nyepesi, ni ya gia moja, kuna mtu kahama kaiacha. Nyepesi ni kweli, naibeba kwa mkono mmoja. Lakini haina mapumziko! Ya kawaida ukichoka unaacha kukanyaga, nayo inateleza yenyewe. Hii gurudumu limefungwa na mnyororo moja kwa moja, kama ndoa za zamani. Gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka, na miguu yako iko humo humo, utake usitake. Breki haina hata moja. Akitaka kusimama anaikaza miguu, gurudumu la nyuma linagoma kuzunguka, linaburuzwa kwenye lami, shwaaa, kama mtu anachana shuka jipya. Nilipoiona mara ya kwanza nilifumba macho. Shemeji yako akaniambia nifumbue, ameshasimama.

Mwaka mzima nimemwomba mwanangu aweke breki. Jibu lake ni moja, "Mama, breki ni miguu." Nimemwambia miguu hiyo niliizaa mimi, haikuja na mpira. Anacheka, ananibusu, anaondoka.

Basi nikaanza kutafuta tairi lako. Nilikwenda kwanza kwa fundi wa baiskeli hapo kona, yule mwembamba wanayemwita Spoku. Akasema, "Mama Upepo, chukua tairi nene la vinundu, lile linalokwenda shambani. Huo ndio mpira." Nikafurahi, maana hata mimi akili yangu ilikuwa hiyo hiyo: nene halichaniki. Nikarudi nyumbani nimeinua kichwa. Nikamwambia Upepo. Akasema vinundu ni vya matope, kwenye lami vinaliwa kama kifutio cha penseli, na akikaza miguu juu yake vinang'oka kimoja kimoja. Anataka tairi laini, lisilo na michoro. Mwanangu anapasua matairi kila wakati, na dawa yake ni tairi lenye kipara tangu dukani! Nikaona hapa mmoja wetu hayuko sawa, na si mimi.

Nikaenda kwa mwenye duka la vipuri, mtu wa maana, anavaa shati la kola hata siku za kazi. Akaniuliza namba. Nikatoa utepe wangu wa kupimia, maana kabla ya kutoka nilikuwa nimesoma ubavuni mwa tairi pameandikwa mia saba, na mimi sinunui kitu kwa kuambiwa. Nilikuwa nimelipima kutoka ukingo hadi ukingo. Mdogo wangu, haikufika mia saba ya kitu chochote! Kwa sentimita ni sitini na saba na kidogo. Nikamwambia mwenye duka, hawa waliandika uongo. Akasema hiyo mia saba ni jina tu, tairi halikui kufikia jina lake. Mimi nikikata gauni la inchi arobaini likatoka thelathini na nane, mteja ananivua nguo barabarani. Wao wanaita jina!

Akaniambia namba ya pili ndiyo ya unene, ishirini na tano, na kwamba nikitaka linalodumu niende thelathini na tano. Nikaona huyu anaongea lugha yangu, nyongeza kwenye mshono. Nikalichukua moja kwa siri nimfanyie mwanangu jambo. Spoku akalivalisha wakati Upepo amelala mchana. Kulivalisha kwenye rimu lilivalika vizuri kabisa. Kuingia kwenye fremu sasa, likagoma. Spoku akasukuma, mimi nikavuta, likaingia kama mguu wa mtu mzima kwenye kiatu cha mtoto, na likakaa humo halizunguki. Shemeji yako alikuwa kibarazani anatutazama. Akasema, "Tatizo la breki sasa limekwisha." Alicheka mpaka mguu ukamkumbusha.

Spoku akapima nafasi ya fremu, kwa hiyo jua kwamba mwisho ni ishirini na nane. Zaidi ya hapo fremu inakataa. Tairi lile nene tumemrudishia mwenye duka, akanipa somo jingine juu yake, maana hakutaka niondoke bila kununua. Akasema niangalie nyuzi.

Hapo nikakaa sawa. Nyuzi! Mimi na nyuzi ni mtu na nduguye. Kumbe ndani ya mpira wa tairi kuna kitambaa, na wanahesabu nyuzi zake kwa inchi, kama sisi. Akanionyesha mawili, moja lina nyuzi sitini, jingine mia moja na ishirini, akasema hilo la nyuzi nyingi ndilo la hadhi. Nami sikubisha. Shuka la nyuzi nyingi na shuka la nyuzi chache si kitu kimoja, mtoto mchanga anajua akilazwa. Nilikaribia kukuandikia siku ile ile: nunua la nyuzi nyingi kuliko yote ukutani.

Bahati barua nilichelewa kuianza. Jioni Upepo aliposikia akashika kichwa. "Mama, la nyuzi nyingi ni la nyuzi nyembamba. Ni laini, linakimbia vizuri, lakini ni hariri. Mimi nataka turubai." Turubai nalijua. Nimeshawahi kushona la lori, sindano zilivunjika na vidole vikavimba. Nyuzi zake unaweza kuzihesabu kwa macho, na halichaniki. Lakini sasa kama ni hivyo, la hadhi ndilo bovu, na la hovyo ndilo zuri, la kipara ndilo linalodumu, na la mia saba si la mia saba. Nilikwenda kulala nina kizunguzungu kama niliyekuwa nazungushwa mimi badala ya gurudumu.

Wote hao nimewasikiliza na wote wana sababu. Hilo ndilo linaloniudhi. Mtu mwongo utamkamata, lakini wakweli watatu wanaopingana utawafanya nini?

Sasa sikia jambo lililotokea juzi. Matairi yote ya Upepo yaliyokufa nimeyatunza, siwezi kutupa mpira. Yananing'inia ukutani kwenye chumba cha cherehani, juu ya mafungu ya vitambaa. Nilikuwa nataka nikate kipande niweke chini ya miguu ya cherehani isitembee sakafuni. Nikashusha moja, nikatafuta mahali palipoisha ili nianze kukata hapo. Palikuwa na jeraha moja tu, ukubwa wa kiganja, mpira umelika mpaka nyuzi zimetokeza. Kwingine kote tairi jipya! Hata vile vinywele vya mpira vya dukani bado vilikuwa vimesimama ubavuni. Nikashusha la pili. Jeraha moja. La tatu, hivyo hivyo. Nikayalaza yote sakafuni, nikayazunguka.

Mdogo wangu, mimi nimeziba magoti ya suruali tangu ukiwa na meno ya utotoni. Mtu akiniletea suruali imechakaa yote, namwambia kitambaa kimechoka. Akiniletea goti la kulia limetoboka na kwingine kuzima, simwambii abadilishe kitambaa. Namuuliza, wewe unapiga goti wapi?

Nikamwita mpwa wako. "Njoo uniambie, hili tairi linapiga goti wapi?" Akadhani nimechanganyikiwa moja kwa moja. Nilipomwonyesha majeraha akaacha kucheka. Akachuchumaa, akavigusa vile vinywele. Akasema, "Mama, mimi kila siku nasimama na mguu wa kulia mbele."

Tukaigeuza baiskeli miguu juu, hapo hapo katikati ya vitambaa. Nikachukua chaki yangu ya kushonea, nikachora alama kwenye tairi, juu kabisa. Yeye akaiweka pedali ya kulia mbele, kama anapokaza miguu. Akazungusha pedali duara moja, taratibu. Alama yangu ikapita mara ya kwanza, ikapita ya pili, na pedali iliporudi mahali pake, alama ikaja kusimama juu kabisa pale pale. Nikamwambia rudia. Ikarudi pale pale. Tukarudia mpaka shemeji yako akaja kuuliza kama tunachezea meno ya watu.

Upepo akahesabu meno ya gia. Mbele arobaini na nane, nyuma kumi na sita. Ukigawanya unapata tatu kamili, haibaki hata chembe. Ndiyo maana kila akikaza miguu, kipande kile kile cha tairi ndicho kinachosuguliwa na lami, na vingine vimekaa vinatazama kama wageni wa sherehe.

Mimi shuleni sikufika mbali, unajua, lakini hesabu iliyogawanyika bila salio ndiyo niliyokuwa napewa alama ya vema. Sasa naambiwa ndiyo inayoua tairi. Spoku naye tulimwita. Akazungusha mwenyewe, akajikuna shingo, akasema, "Mama Upepo, gia hizi nilipoziona mara ya kwanza nilizisifu. Nikasema aliyeziweka anajua kazi." Kisha akasema ikipatikana gia ya nyuma ya meno kumi na saba, hesabu itavurugika, na kila duara alama itaangukia mahali pengine. Mnyororo una nafasi ya kutosha, ameuangalia. Lakini gia za aina hiyo, za kufungwa moja kwa moja, hapa hakuna duka linaloziweka.

Na tairi lililopo je, mpaka mgeni wako afike? Hapo ndipo nilipofanya kazi yangu. Kola ya shati ikilika kwa juu, fundi mwenye akili haitupi. Anaifungua, anaigeuza, anaishona tena, na mwenye shati anapata mwaka mwingine. Nikamwambia Spoku atoe pumzi, asukume tairi lizunguke kidogo juu ya rimu, lile goti lililochoka likae pembeni na kipande kizima kije kupiga goti. Akanitazama. Akafanya. Sasa kila Jumapili tutakuwa tunageuza kola.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya kujaribu. Upepo alipewa kikasha cha mpiga tarumbeta mmoja ambaye bila meno hawezi kubana mdomo, na jioni alikuwa na kazi ya kupiga. Ni mwisho wa mji, ng'ambo ya reli, barabara yote changarawe na vioo. Mimi nilishona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, nikafumua, nikashona tena vile vile. Alipoingia getini nilitazama tairi kwanza kabla ya kumtazama yeye, Mungu anisamehe. Lilikuwa zima. Tarumbeta nasikia ilisikika.

Nikamuuliza Bwana Meno kasema nini. Akasema, "Kasema kesho niwahi." Kuwahi kufanya nini? Hakusema. Shemeji yako anasema ni maneno ya bosi tu. Mimi nasema mtu huwezi kumwambia awahi mahali unapotaka kumfukuza. Na leo kawahi, kaondoka hata chai hajamaliza. Sijui ni habari njema au ni nini, lakini nimeshawaambia majirani kwamba ni njema.

Kwa hiyo ombi langu limebadilika, na naomba usinicheke. Usinunue matairi mawili. Nunua moja, la mia saba isiyokuwa mia saba, unene ishirini na nane, lenye kipara, lenye nyuzi chache nene, turubai na siyo hariri. Wakikuambia kuna lenye ukanda mgumu chini ya mpira wa kuzuia vioo, chukua hilo hilo. Mahali pa tairi la pili, weka gia ya nyuma ya meno kumi na saba, ya kufungwa moja kwa moja. Muuza duka akikuuliza kwa nini kumi na saba, mwambie dada yako hataki igawanyike. Akikuuliza zaidi ya hapo, mimi mwenyewe sijui, nimeona tu kwa chaki.

Na kuna kitu cha tatu. Juzi tulipokuwa tunairudisha baiskeli miguu chini, Upepo alikuwa anafuta chaki kwa kidole. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mama, ukimwandikia mjomba, mwambie aweke na breki ya mbele. Nikiwa nayo, tairi la nyuma halitaburuzwa sana."

Nilijifanya natafuta pini. Mwaka mzima nimemwomba kwa ajili ya shingo yake, kwa ajili ya meno yake mwenyewe ambayo ni mazuri kuliko yote anayoyabeba, akakataa. Amekubali kwa kulionea tairi huruma. Sielewi, mdogo wangu, na safari hii sitaki kuelewa. Kama begi la muuguzi limejaa, acha tairi, acha na gia, kola tutaendelea kugeuza. Breki usiache.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie kitenge alichoomba nimeshakikata. Wasalimie watoto wote, na huyo muuguzi mwambie akifika atalala kwangu, chumba cha cherehani nitakitandika na pini nitaokota. Shemeji yako anakusalimu, na mguu wake pia. Upepo anasema, "Shikamoo mjomba, na asante hata kabla ya kupokea."

Mwenyezi Mungu aulinde mgongo wako, akurahisishie mizigo yako, na kila unapotoka akurudishe kwako mzima.

Ni mimi dada yako akupendaye, niliyekuwa nakufunga kamba za viatu,

Mama Upepo.